Tairi za Kanisani

Muulize mtu yeyote wa Ulemo ni dereva gani angemkabidhi mama yake mzazi, atakutajia Hezekia kabla hujamaliza kuuliza. Miaka ishirini na tatu anapeleka watu Singida mjini na kuwarudisha, na hajawahi kugonga hata kuku. Ni mzee wa kanisa, tena ni mwenyekiti wa madereva wa stendi, na Haisi yake nyeupe huoshwa kila jioni kabla yeye mwenyewe hajaoga. Mtu wa namna hiyo akiwa na doa, inabidi mlitafute kwa tochi. Doa la Hezekia lilikuwa ghalani kwa jirani yake Yustina, nyuma ya magunia ya alizeti, na wala yeye hakuwahi kuliona kuwa doa.

Zilikuwa tairi nne. Madereva saba wa stendi walichanga wakazinunua mpya, wakazifunga kwenye ringi zake, na kwa kuwa magari yote saba ni Haisi za aina moja, zinaingia popote. Zamu yako ya ukaguzi ikifika, unakwenda kwa Yustina jioni, unazichukua, unalivalisha gari lako, na asubuhi unakwenda mjini kwa mkaguzi. Ukisharudi na stika kiooni, unazivua, unarudishia tairi zako za zamani, vipara vitupu, maisha yanaendelea. Waliziita tairi za kanisani, kwa sababu zilitoka siku moja na kurudi kukunjwa, sawa na suti ya mtu mwenye suti moja. Waislamu wawili wa stendi walidai nao waziite za Ijumaa, ikawa utani wa kila mwaka.

Wazo lilikuwa la Hezekia mwenyewe. Tusimsimange upesi. Barabara za huku ndani, ukishaiacha lami, zina mawe yanayotafuna mpira kama mbuzi na majani ya mihogo, na tairi mpya haimalizi msimu ikiwa na meno yake. Hezekia aliamini kwa moyo wake wote kwamba kipara hakimdhuru dereva anayejua kuendesha. Yeye alijua. Kwa hiyo alilala usingizi mzuri.

Na katika mengine yote hakudanganya. Mwaka wa jana gari lake lilikataliwa mara ya kwanza, na aibu ile ilimkaa moyoni: taa ya breki ya kushoto haikuwaka, boljointi, kile kiungo cha gurudumu, ilicheza, breki ya mkono ilishindwa kulizuia gari kwenye kilima kidogo cha kupimia, na mikanda miwili ya abiria ilikuwa ya kufunga kwa fundo. Safari hii alishinda kwa fundi siku tatu. Alibadilisha boljointi zote mbili, akaweka shokapu mpya mbele, akanunua mtungi wa kuzimia moto badala ya kuazima ule wa dukani, hata wipa ambazo mvua haikuwa na dalili ya kuzihitaji akazifunga mpya. Jumanne jioni alizivua tairi za kanisani kutoka gari la Christopher, aliyekuwa amekaguliwa siku hiyo, akazifunga kwake. Kisha, kwa kuwa Christopher ni kijana wa juzi tu kwenye usukani na mgongo wa Hezekia bado una nguvu, akamsaidia kurudishia zake.

Ya mbele kushoto ya Christopher ilikuwa imeliwa upande wa ndani mpaka nyuzi zinaonekana, na ubavuni ilikuwa na nundu. Hezekia aliibonyeza ile nundu kwa kidole gumba, akamwambia Christopher asikimbize gari wiki hii, akakaza nati, akaenda kula.

Jumatano asubuhi alikuwa wa pili kwenye foleni. Mkaguzi alikuwa mwanamke, Sajenti Belinda, mwenye umri wa binti yake wa mwisho. Alimwamkia shikamoo kwa adabu zote, na alipoitikiwa marahaba akaanza kazi kana kwamba hawakuwahi kusalimiana. Alilinganisha namba ya chasisi na kadi. Aliwasha indiketa, akapiga honi, akavuta mikanda mmoja mmoja, akaingia shimoni, chini ya gari, na tochi na kuzigonga boljointi kwa nyundo ndogo. Alipanda mwenyewe kwenye usukani, akalipeleka gari kwenye kilima, akavuta breki ya mkono, na gari likasimama hapo bila hata kutikisika. Hezekia alijikuta anatabasamu peke yake.

Kwenye tairi alichuchumaa muda mrefu. Alichomeka kipimo chake kwenye meno, akasoma mwaka wa kutengenezwa, akainuka akijifuta magoti. Akasema tangu Jumatatu asubuhi ameyakataa magari tisa, na sita kati ya hayo ni kwa tairi. Madereva wanapaka rangi, wanageuza upande uliokwisha ukae ndani, wanadhani yeye hana mkono wa kupapasa. Kisha akasema jambo ambalo mzee wa kanisa hakulitarajia.

"Baba, nyie mnaotunza gari hivi ndio mnatufanya tulale. Wangekuwa kama wewe wote."

Hezekia aliinamisha kichwa. Tuseme ukweli, hakuona aibu hapo. Alifurahi, kama mtu anavyofurahia kusifiwa kwa shati la kuazima. Sajenti aliandika kwenye fomu kwamba gari limepita, akaisaini, akaenda mezani kuchukua stika.

Simu ililia mfukoni. Alikuwa Yustina, na Yustina hana habari fupi. Alianza na salamu za nyumbani, akaja kwa ng'ombe aliyezaa, ndipo akafika kwenye lililompigisha simu: Hezekia asihangaike tena na safari ya Eliza ya kesho. Eliza ni mke wa Hezekia. Alikuwa na miadi ya macho hospitali ya mjini siku ya Alhamisi, na mumewe alikuwa amepanga kumpeleka mwenyewe. Sasa walipiga kutoka kliniki kwamba daktari wa macho anaondoka, wenye miadi ya kesho waje leo. Basi Yustina amemsindikiza stendi, kapata kiti cha mbele kabisa, karibu na dereva, na gari limetoka kama nusu saa iliyopita.

Hezekia aliuliza gari la nani, ingawa alikuwa ameshajua. La Christopher.

Alikata simu bila kuaga, jambo ambalo Yustina hajalisahau hadi leo. Akampigia Eliza, simu imezimwa, maana Eliza huizima safarini kubana chaji. Akampigia Christopher. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikaita, ikakatika. Christopher hakuwa na kosa. Sheria ya stendi ya Ulemo inasema dereva anayepokea simu akiwa anaendesha anakaa benchi siku mbili, na sheria hiyo aliitunga mwenyekiti.

Akasimama pale na simu mkononi. Kidole gumba kilikumbuka nundu ile, ilivyokuwa laini na yenye kubonyea. Lami ya kutoka Misigiri kuja mjini imenyooka, na Christopher, hata akiambiwa asikimbize, kutokimbiza kwake ni themanini. Mtu anayekaa kiti cha mbele kushoto anakaa juu ya tairi ile ile. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na tatu Hezekia aliogopa barabara.

Kulikuwa na askari wa usalama barabarani Iguguno, katikati ya njia. Hezekia alikuwa amewapita asubuhi na kuwapungia mkono. Wangeweza kulisimamisha gari. Lakini ili walisimamishe ilibidi mtu awaambie, na mtu huyo aseme amejuaje. Akawaza upesi uongo wa kumwokoa: kwamba kaota, kwamba kuna msiba. Askari hawasimamishi gari kwa ndoto. Wakisikia msiba watampasha Christopher habari na kumwambia aende polepole, na polepole ya Christopher ilishajulikana.

Sajenti Belinda alikuwa amerudi. Ameshabandua karatasi ya nyuma ya stika, kainamia kioo cha mbele akitafuta pembe ya kuibandika.

"Afande," Hezekia akasema. "Usibandike."

Akamweleza. Hakuweza kuyapanga maneno. Yalitoka kama yalivyokuja, tairi si zake, ni za watu saba, zinalala ghalani, jana alizitoa kwenye gari jingine kwa mikono hii, na lile gari sasa liko njiani na tairi yenye nundu na mke wake ndani. Sajenti alisikiliza huku stika imemgandia kidoleni. Alitazama zile tairi alizozisifu, akamtazama mzee, na uso wake ukawa wa mtu aliyelishwa kitu kibaya nyumbani kwa watu anaowaheshimu. Alitoa simu, akampigia mwenzake wa Iguguno, akataja rangi ya gari, na namba akamgeukia Hezekia aitaje.

Walisubiri. Mtu aliyewahi kusubiri simu ya namna hiyo hahitaji kuelezwa, na ambaye hajawahi asiombe. Hezekia alijaribu kusali na hakupata sala, kwa sababu kila alipoanza alijiona anamwomba Mungu aishikilie tairi ambayo yeye mwenyewe aliikaza nati.

Simu iliita. Gari limesimamishwa. Askari alisema nundu imefika ukubwa wa yai la bata, ameweka mkono akautoa haraka kwa joto lake, na abiria kumi na wanne wako chini wanauliza kwa nini. Mmoja, mama mwenye kitambaa cha bluu, anasisitiza aambiwe nani aliyetoa taarifa. Sajenti akampa Hezekia simu.

Eliza hakulia wala hakufoka. Kwanza alimwambia kwa Kinyiramba kwamba ni mzima. Halafu akauliza, kwa sauti ile anayotumia kuuliza kama chumvi ipo:

"Jana uliiona?"

"Niliiona."

Sauti za abiria zilisikika nyuma yake.

"Wiki iliyopita Yustina alipanda gari hili na mjukuu wake. Hukupiga simu."

Ilikuwa kweli, na haikuwa Yustina peke yake. Magari yote saba alikuwa ameyavua na kuyavalisha, zamu kwa zamu, na vipara vyote vya stendi alivijua kwa kupapasa kama mchungaji anavyojua ng'ombe wake: nani kaliwa ndani, nani kachanika, nani ana nyuzi. Kila asubuhi aliyaaga yakitoka yamejaa wake za watu na watoto wa watu, akiwapungia mkono. Ni kwamba Eliza, katika miaka yote ile, alikuwa hajapanda gari jingine ila la mumewe.

Alimrudishia Sajenti simu yake kwa mikono miwili.

Sajenti alikuwa amekaa mezani. Fomu ya Hezekia ameipiga mstari kutoka kona hadi kona, na stika iliyoharibika kaigandisha ukingoni mwa meza. Akachukua karatasi nyeupe, akauliza, sasa bila kumwita baba, yale magari saba ni yapi. Hezekia aliwafikiria wenzake sita, watakavyomtazama stendi jioni ile, kama kutakuwa bado na stendi ya yeye kufika. Alimfikiria Christopher, amesimama Iguguno bila kujua kilichompata.

Akavua kofia, akaishika kifuani. Akaanza kutaja namba, moja baada ya moja, na ya kwanza ilikuwa ya gari lake.