Mkono Unaanzia Begani

Kanuni za chumba cha anatomia zilikuwa nyingi kuliko mifupa yenyewe, na mifupa ya mtu, kama hujawahi kuihesabu, inapita mia mbili. Natia chumvi kidogo. Lakini tafuta mtu yeyote aliyesoma masomo ya mangaribi, yaani ya jioni, pale Elisabethville miaka ile ya Wabelgiji, muulize. Atakuambia nimezipunguza.

Zilibandikwa mlangoni, zimepigwa mashine kwa Kifaransa. Kucha ziwe fupi. Koti jeupe lifungwe vifungo vyote. Mtu asiguse mifupa bila ruhusa. Mtu asicheke: kicheko kimoja, pointi moja. Mtu asitamke neno la lugha nyingine isipokuwa Kifaransa: neno moja, pointi moja. Kila kitu kilihesabiwa juu ya ishirini, na aliyetaka kupita alihitaji kumi na mbili. Kwa mtu wa tabia yangu, ninayecheka hata nikinyolewa, hiyo kanuni ya kicheko ilitungwa na adui.

Mchana nilikuwa nasukuma toroli ya mashuka machafu katika hospitali ya watu weusi. Mashuka yale yalinuka hadi mbwa wa wazungu walihamia ng'ambo ya barabara. Ukipita mtihani wa mwisho, unaachana na toroli, unavaa koti, unakuwa muuguzi msaidizi. Ukishindwa, unarudi kwenye toroli yako, na hakuna kurudia mwaka. Basi mangaribi nilikuwa nakula bukari, ugali wetu, mbio mbio, nakimbilia darasani, huku mke wangu akinisindikiza kwa maneno toka mlangoni.

Maiti hatukupewa. Tulikuwa na sanamu ya plasta iliyofunguka tumbo kama kabati, moyo wa ng'ombe uliotoka machinjioni, na mifupa ya mtu mzima iliyoning'inizwa kwenye kulabu karibu na dirisha. Siku ya kwanza tulibishana kwa kunong'ona kama yule marehemu alikuwa mweusi au mzungu. Jirani yangu wa benchi, mtu wa kugonga mihuri kule posta, aliitazama sana, akaniinamia sikioni:

"Mukubwa, ule iko muzungu."

"Umeyua namna gani?"

"Angalia mwenyewe. Siku muzima iko anasimama tu, hafanye kazi."

Nilipoteza pointi mbili palepale, maana nilicheka mara mbili: mara ya kwanza kwa mdomo, mara ya pili kwa pua. Yule wa posta hakupoteza hata moja. Alikuwa na uso wa ukuta.

Mwalimu wetu alikuwa Mbelgiji wa shingo nyekundu. Mchana alikagua mifereji na vyoo vya mji, mangaribi akatukagua sisi. Sisemi hakujua kazi yake. Alijua kila mfupa, na sisi tukaujua kwa sababu yake. Humérus, radius, cubitus, majina hayo yalituingia kama nyimbo za kanisani. Hayakuwa maneno ya mtu yeyote tuliyemjua, kwa hiyo hayakugombana na neno lolote kichwani. Tabu yetu ilikuwa kwenye maneno madogo ambayo hata mtoto wa kizungu anayenyonya anayajua.

Chukua mkono. Sisi mkono wetu unaanzia begani, unashuka hadi ncha za vidole, umekwisha. Ni kitu kimoja, Mungu alikitengeneza mara moja. Wafaransa wamekikata vipande vitatu kama wachinjaji. Toka bega hadi kiwiko, bras. Toka kiwiko hadi kifundo, avant-bras. Toka kifundo hadi kucha, main. Mwalimu akisema main, sikio langu linasikia mukono, na kidole changu kinapaa chenyewe hadi begani kabla akili haijafika. Darasa zima lilikuwa hivyo. Tulikuwa na mfua nguo mmoja aliyepoteza pointi kwa main wiki hadi wiki, mpaka akawa anaweka mikono yake mfukoni anapoulizwa, asije akajisaliti.

Mwalimu alilipenda kosa hilo kama wengine wanavyopenda bia. Alikuwa akisimama mbele yetu, anainua kiganja chake cheupe, anasema kwa Kifaransa chake cha polepole:

"Watu wasio na neno la kitu, hawana kitu hicho. Ninyi hamna neno la main. Kwa hiyo hamna main. Mnafanya kazi na nini? Na tawi."

Mara ya kwanza nilinyosha kidole. Nikamwambia kwamba neno tunalo: kiganja. Tena tuna kitanga. Aliandika kitu kwenye daftari lake bila kuinua kichwa.

"Maneno mawili ya Kiswahili. Pointi mbili."

Umeona mtego huo? Ili kumwonyesha kwamba tuna neno, ilikuwa lazima ulitamke, na ukilitamka unalilipia. Nilirudi nyumbani nimevimba kama mkate. Mke wangu alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo.

"Baba, juu ya nini unapumua kama treni?"

Nikamweleza. Aliacha majani.

"Anasema hatuna mukono?"

"Anasema hatuna main."

"Ile nguo yake anavaa, nani anafua? Ile chakula anakula, nani anapika? Muambie mimi bibi yako nasema akuye hapa, nitamupika kofi. Atayua kama mukono iko ao haiko."

Sikupeleka salamu hizo. Lakini nilianza kujifunza kwa hasira, na hasira ni mwalimu mzuri kuliko yule wa mifereji. Njiani nikienda kazini nilikuwa najigusa na kutaja: bras, avant-bras, main. Watu wa kambi yetu ya wafanyakazi walinikwepa kwenye bomba la maji. Walishasikia kwamba kuna chumba cha mifupa, sasa wananiona nikijipapasa na kuongea peke yangu, wakasema batumbula, wale wakamata-watu wa usiku, wameshaniandaa. Hata mama mkwe alikataa kunigeuzia mgongo, kwa woga. Lakini mwisho wa mwaka ungeweza kuniamsha usingizini, ukaniambia main, nikakuonyesha kifundo hadi kucha bila kukosea hata kwa upana wa unywele.

Mtihani ulifanyika Jumamosi mchana. Hospitali ilituma daktari mzungu kuusimamia, mtu mwembamba mwenye usingizi, aliyeketi pembeni na kuinua kope kila tulipotaja mfupa. Tuliitwa mmoja mmoja mbele ya ile mifupa, na wengine wote walikaa kwenye mabenchi wakisikiliza. Mwalimu alikuwa anatangaza pointi kwa sauti. Zamu yangu ilienda vizuri, ila kicheko kilininyang'anya pointi moja hapo katikati, maana mfua nguo alipiga chafya na taya la marehemu likatikisika. Nikabaki na swali la mwisho. Mwalimu akasoma: kumi na moja na nusu. Swali moja, pointi moja. Kwa hesabu yangu nilihitaji nusu tu.

Hapo ndipo alipomgeukia daktari, akatabasamu.

"Tazama hii, daktari. Inachekesha."

Kisha akanigeukia mimi, na akaacha Kifaransa. Akatoa kile Kiswahili chake cha kuagizia boyi jikoni:

"Weye! Onesha mukono!"

Nilielewa mara moja alichokitaka. Alitaka nipande hadi begani, ili daktari aone kwamba hatujui main iko wapi. Na nilijua la kufanya ili nipite: nimwonyeshe kiganja, nichukue pointi yangu nzima, niagane na toroli. Kidole kilikuwa tayari. Nyuma yangu yule wa posta, uso wake wa ukuta, ananong'ona bila kufungua mdomo: "Kiganja, mukubwa. Onesha kiganja, twende."

Lakini hakusema main, alisema mukono. Na mimi mkono wangu naujua toka siku niliyouleta duniani. Nikaweka kidole begani, nikashuka nacho taratibu, kiwiko, kifundo, hadi ukucha wa kidole cha kati. Nilishuka polepole hivyo, ungedhani natoka Kilwa yetu ya ziwani kwa baiskeli.

"Umeona?" mwalimu akamwambia daktari, kwa Kifaransa tena. "Mwaka mzima. Sifuri!"

"Samahani, Musié," nikasema, nami kwa Kifaransa, na Kifaransa changu siku ile kilikuwa na kola na tai. "Umeniuliza mukono. Huu ndio mukono."

"Nimekuuliza main!"

"Ungeniuliza main, ningekuonyesha main." Nikamwonyesha. "Ungeniuliza bras, ningekuonyesha bras." Nikamwonyesha. "Avant-bras, hii hapa. Lakini umeniuliza kwa lugha yangu, na katika lugha yangu nimejibu sawasawa."

"Umetamka neno la Kiswahili! Pointi moja!"

"Nimerudia swali lako, Musié. Kama neno hilo lina pointi, wewe ulilitamka kwanza. Tulipe wote wawili."

Benchi lote lilikohoa. Watu wale walikuwa wameshajifunza kucheka kwa njia ya kukohoa. Mwalimu akawa mwekundu toka shingo hadi masikio, akasema hata hivyo main sikuionyesha, nimeonyesha kitu kingine.

"Main imo, Musié," nikamwambia. "Iko hapa mwishoni. Sikuiacha nyumbani."

Daktari akacheka. Alicheka kwa sauti, usingizi ukamtoka wote, na darasa zima likageuka kutazama ile karatasi ya mlangoni. Mwalimu akaona tunavyoitazama. Akakwaruza daftari lake kama mtu anayechimba shaba.

"Nusu," akasema. "Nusu pointi, kwa sababu main ilikuwemo. Kumi na mbili."

Ningekaa. Mtu mwenye akili angekaa. Lakini hakuwa amemaliza.

"Sasa utasimama mbele ya wenzako, useme: nimechanganya main na bras. Usiposema, nakata mbili kwa utovu wa adabu, na umeshindwa."

Kulabu ya mifupa ilikuwa inalia karibu na dirisha. Sentensi moja tu. Maneno manne, hata kasuku angeyasema akapewa koti. Nikamtazama mfua nguo, aliyekwishashindwa zamu yake, mikono bado mfukoni. Nikaona kwamba nikisema sentensi ile, nitaisema kwa ajili yake pia, na kwa ajili ya mke wangu na sombe lake, kwamba ni kweli, mwaka mzima yule mtu alikuwa anasema kweli.

"Sikuchanganya, Musié," nikasema. "Sitasema."

"Basi mbili zimekwenda!"

"Kwa kanuni ipi?"

"Nini?"

"Kanuni ipi, Musié. Kucha zangu fupi. Vifungo vyote. Sikugusa mfupa. Kicheko changu nimekilipia. Kanuni ya kukataa kusema sijaiona pale mlangoni."

Naapa, mwalimu alisimama akaenda hadi mlangoni kusoma karatasi aliyoipiga mashine mwenyewe. Aliisoma yote, kidole kikishuka mstari kwa mstari kama sisi tulivyofanya siku ya kwanza. Alifika chini. Akarudi juu. Daktari alitazama saa yake, kisha akauliza kwa upole kama kanuni hiyo ipo. Mwalimu aliiacha ile karatasi. Alirudi mezani, akaketi, akaandika, akatia sahihi, na kalamu ilitoboa karatasi.

"Umepita," akasema. "Wa mwisho. Na wa mwisho hapewi kazi mjini. Wa mwisho anakwenda Kilwa."

Kilwa maana yake ilikuwa kando ya ziwa Mweru, samaki na mbu, na barabara ambayo lori lilipita likiomba msamaha. Wa kwanza wetu alipewa hospitali ya mjini, na feni darini. Wa posta alipewa zahanati ya kambini. Alinishika bega pale nje.

"Mukubwa, nilikuambia kiganja."

"Uliniambia."

"Sasa utakula samaki mpaka mapezi ikuote."

"Yaniote. Lakini yatanikuta na mikono yangu yote."

Nyumbani mke wangu alinisikiliza hadi mwisho, na nilipolitaja jina la Kilwa akainuka, akaanza kutoa vyungu rafuni. Nikajua nimekwisha. Mama yake yuko hapa, dada zake wako hapa, na kwake nje ya mji huu hakuna dunia.

"Mama, umekasirika?"

"Nimekasirika kabisa." Akafunga vyungu viwili kwa kitenge. "Kilwa! Kule bantu banaoga na mamba!" Akafunga cha tatu. "Na ungesema ile sentensi, leo ungelala inje na ile mifupa yenu. Shika hapa, kaza kamba."

Nikashika, nikakaza. Siku ya lori aligombana na dereva juu ya kitanda chetu, dereva akisema hakitaingia, yeye akisema kitaingia. Kiliingia. Tulikaa juu yake njia nzima, vumbi hadi kwenye kope, na kila tulipotumbukia shimoni aliniuliza kama bado sijabadili mawazo, nami nikamjibu kwa sauti ya kumshinda injini kwamba sijabadili. Hadi leo sijabadili.