Sato wa Lambo la Mwamapalala

Ijumaa jioni mama mdogo Kabula alinipigia simu akilia. Sato wote wa lambo lao la kunyweshea ng'ombe kule Mwamapalala walikuwa wameelea kwa usiku mmoja, wamekufa. Wiki hiyohiyo watafiti wa madini walikuwa wametoboa ardhi ng'ambo ya kilima, na baba mdogo Masanja alishaamua: ni mionzi, Jumatatu wanahama na ng'ombe wote. Mama mdogo hakutaka kuhama. Watoto wake wawili wamezikwa pale.

Niliona haya. Mimi ni mwalimu wa fizikia, na wakati wa Krismasi ni mimi niliyewasimulia habari za viwanda vya nyuklia vinavyomwaga maji yenye mionzi baharini.

Jumamosi, saa moja asubuhi, niliondoka Somanda kwa bodaboda, nikiwa na chupa tupu na kipimo cha mionzi nilichoazima kwa rafiki yangu fundi wa eksirei.

Saa tatu nilifika.

“Mwangaluka, mayo,” nilimsalimu mama mdogo kwa Kisukuma.

“Mwangaluka. Umekuja kutuambia tufungashe?”

“Tupime kwanza.”

Lamboni kipimo kilionyesha kama kilivyoonyesha nyumbani kwangu Somanda. Baba mdogo hakuridhika. “Na samaki je?”

Nikachuchumaa naye. Nilimweleza kwamba chembe zenye mionzi za viwandani kwa kawaida huwaingia samaki polepole, kupitia maji na chakula. Nyingine hukaa kwenye nyama, nyingine kwenye mifupa, na zikizidi huharibu mayai na vifaranga. Samaki mwenyewe huendelea kuogelea. Ndiyo maana mionzi inahitaji vipimo, macho hayaioni. Lambo zima kufa kwa usiku mmoja kunaonyesha sumu ya namna nyingine.

“Pamba mlinyunyizia dawa lini?” niliuliza.

“Jumatano.”

“Bomba la kunyunyizia mkalioshea wapi?”

Baba mdogo alitazama ndala zake. “Sasa maji si yapo hapa? Kila mtu huoshea hapa.”

Mama mdogo alishika kiuno, kisha akacheka mpaka akakaa chini. “Masanja! Kumbe kiwanda cha nyuklia ni wewe!”

Saa tisa alasiri nilianza kurudi, chupa za maji na samaki wawili wa kupeleka maabara wakiwa kwenye ndoo. Niliwaomba ng'ombe wanyweshwe kisimani hadi maabara ijibu, na baba mdogo akakubali kusubiri.

Baada ya wiki mbili nilipata jibu: mionzi ni ya kawaida, dawa ya pamba imo. Tukapeleka maji tena baadaye, yakatoka safi.

Nimejifunza kwamba nikieleza hatari, nieleze pia namna ya kuitambua, la sivyo ninawaachia watu hofu tupu. Jana mama mdogo alinipigia tena. Baba mdogo amechimba shimo la kuoshea bomba katikati ya shamba, mbali na maji.

“Na ng'ombe?” niliuliza.

“Wanakunywa lamboni. Kiwanda tumekifunga.”