Mikono ya Gari la Kasisi

Kila asubuhi, kabla hajamsalimu mtu, Obadiah Thackam aliingia karakana ya Bwana Pocock na kuzigonga nguzo za mti wa ashi zilizolazwa darini zikauke. Aligonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio kama mkunga. Zilizokuwa bado mbichi alizitukana. Zilizokauka alizipangusa vumbi. Baada ya hapo ndipo alipokumbuka kwamba binadamu nao wapo.

Kwa miaka thelathini na mmoja kazi yake ilikuwa moja tu: mikono ya gari, ile miti miwili mirefu ya mbele ambayo farasi husimama katikati yake. Magurudumu aliwaachia wengine.

"Gurudumu likivunjika utachelewa," alikuwa akisema. "Mkono ukivunjika utazikwa."

Mti wa mkono hakuukata kwa msumeno. Aliupasua kwa kabari ili ufuate nyuzi zake wenyewe, kisha akauchonga. Ukiisha aliupiga chapa ya moto, herufi O, akaulaza juu ya mawe mawili na kuukalia kwa matako yake mazima, mwenye gari akiona. Hapo kijijini hakuna aliyechukua mikono ambayo Obadiah hajaikalia.

Wiki moja kabla ya askofu kuja, Kasisi Lidiard akaagiza mikono mipya. Ile ya zamani ilikuwa imepinda, kwani kasisi huyu alihubiri kufunga huku mdomo unanuka bata.

"Jumamosi iwe tayari," akasema.

"Darini hamna mti mkavu wa kukubeba wewe, Baba," Obadiah akajibu. "Labda tukubebe kwa mafungu."

Kasisi alicheka, kisha akagundua anayechekwa ni yeye. Alipoondoka, Pocock akamvuta Obadiah pembeni.

"Una wazimu? Kata ubao wowote kwa msumeno, tupake rangi nyekundu. Nani atajua?"

"Farasi. Mimi sikati, tajiri."

Ijumaa Obadiah alikwenda kumzika shemeji yake kijiji cha pili. Aliporudi Jumamosi alikuta mikono imeshakamilika, imelazwa juu ya mawe, myekundu, inang'aa, na karibu na ncha imechomwa O yake. Akasimama akiitazama. Yeye mwenyewe alishasema uongo mara nyingi, hasa kwa mkewe. Herufi ile, hata siku moja.

"Nani kapiga hii?"

"Mimi," Pocock akasema. "Chuma changu, moto wangu, na wewe ni wangu mpaka saa kumi na mbili jioni. Nyamaza, huyo anakuja."

Kasisi akaingia. "Vipi fundi, hujaikalia?"

"Ana jipu, Baba," Pocock akawahi. "Jipu baya."

"Jipu liko kwenye ulimi wa tajiri wangu," Obadiah akasema. "Sikuitengeneza mimi hii. Imekatwa kwa msumeno. Huamini, ikalie mwenyewe."

"Unadhani naogopa ubao?"

Kasisi akainua mikia ya koti lake, akaketi. Mti ukavunjika kwa mlio kama wa bunduki. Miguu ikaenda juu, nywele zake za bandia zikatua kwenye maranda, na likatoka neno ambalo halimo katika kitabu cha sala.

"Mwombe radhi!" Pocock akafoka. "Chapa si yako? Sema kosa ni lako, yaishe, Jumatatu uje kazini kama kawaida."

"Ndiyo, sema," kasisi akaitikia kutoka sakafuni. "Nitakusamehe, ndiyo kazi yangu."

Mafundi wa magurudumu wakaacha nyundo. Obadiah alikuwa na miaka hamsini na minne, na karakana nyingine ya karibu ilikuwa mwendo wa siku nzima. Akaokota kipande chenye O, akachukua randa, akairanda herufi mpaka ikadondoka juu ya tumbo la kasisi.

"Sasa si yangu," akasema.

"Ukivuka mlango huo, usirudi!" Pocock akapaza sauti.

Obadiah akavaa kofia, akalivuka lile tumbo, kisha akauvuka mlango. Mvua ilikuwa inanyesha. Jumatatu walimngoja mpaka chai ikapoa. Hakurudi.