Jina la Asumini

Juzi, nikipita Nachingwea, nilikuta tanuri la Bibi Somoe limevunjwa na matofali yake yamerundikwa kando ya barabara. Mji mzima ulikula mikate yake. Ikanijia harufu ya hamira na moshi, nikaikumbuka alasiri ya arobaini ya binti yake, Asumini. Kwetu jina la marehemu halizikwi, hurithiwa na mtoto. Siku hiyo nilirithishwa mimi.

Bibi alinipakata. "Mwanangu karudi," alisema, akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Asumini wee, leo utatukandia unga?" jirani mmoja alinitania, na wanawake wakacheka.

Mimi nilidhani mama amenitoa moja kwa moja, kwamba nitabaki pale. Nikapiga kelele, "Mimi si Asumini! Asumini amekufa!"

Vicheko vilikatika. Mikono ya Bibi ililegea, nikateleza hadi mkekani, nikamkimbilia mama.

Sasa najua Bibi hakutaka kunichukua. Alitaka tu kuliita jina lile na kuitikiwa. Hakuliita tena. Kila nilipokwenda kununua mkate alinihudumia kwa upole, akaniambia, "Msalimie mama yako, mtoto wa Hadija."