Ile sifuri niliifuta mimi

Jamani, hili sijamwambia mtu: ile sifuri niliifuta mimi.

Leo nilinakili hesabu ya Bwana mhandisi, yule Mzungu wetu, kuhusu mashua inavyoyumba ikipakia mawese. Njia ya Laplace inageuza mlinganyo wa mwendo kuwa aljebra ya kawaida, ila lazima uingize kasi ya mwanzo. Bwana aliweka sifuri.

Sifuri? Na mawimbi haya ya ziwa hapa Rumonge?

Nikaweka kasi ya kweli. Jibu likageuka: maji yataingia mashuani.

Juma, karani mwenzangu, ndiye aliyempelekea Bwana ile nakala. Sasa nasikia huko nje:

“Nani alichezea hesabu yangu? Viboko ishirini na tano!”

“Siyo miye, Bwana!”

Nyie mngenyamaza?

Nyayo zinakaribia mlango. Karatasi niliyofanyia hesabu nilikuwa nimeikalia.

Nimeitoa. Iko mezani, na jina langu juu.