Mama Yangu Hakula Pweza

Siku ya harusi yangu shemeji mmoja alimwekea mama sahani ya pweza. Mama akainuka, akatoka nje, akalia.

Watu wakadhani ni furaha.

Haikuwa furaha.

Mwaka wa pili wa uhuru alifika kwetu Mucojo, pwani ya Msumbiji, mtaalamu wa bahari, camarada, yaani ndugu, Bernardino. Alitafuta mahali pa kuvunja matumbawe, yachomwe chokaa ya kujengea ghala la koperativa, ule ushirika wa kijiji. Alitaka mwamba usio na wavuvi.

Mama yangu, Ancha, alikuwa amesoma Kireno. Akafanywa mkalimani.

"Waulize, mwamba ule wa mbele nani anavua?"

Mzee Ussumane, mwenyekiti, akacheka. "Pale? Hata mtumbwi haupiti. Hapana mvuvi."

"Na wale wanawake ninaowaona pale?"

"Aa, wale wananyoosha miguu tu maji yakitoka. Mboga za watoto hizo!"

Baraza zima kicheko.

Ancha akamtupia jicho mama yake, Zainabo, aliyeketi nyuma kabisa, vidole vimechanjwachanjwa na mawe. Zainabo ndiye aliyekuwa akichokoa pweza pale. Daftari za Ancha, sare yake, vyote vilitoka kwenye mashimo yale.

"Basi kisayansi mwamba ni mtupu," Bernardino akasema. "Au vipi?"

Swali lile alikuwa akimwuliza Ancha mwenyewe.

Akaona haya. Msichana msomi, mbele ya wakubwa, alete habari za jikoni?

"Mtupu, camarada."

Kikaletwa chakula: wali na pweza wa nazi, kapika Zainabo. Bernardino akalamba vidole. "Eh pá, mtamu huyu! Katoka wapi?"

"Baharini," Ussumane akajibu.

Mwamba ukavunjwa. Ghala likasimama, jeupe pe! Pweza wakatoweka. Zainabo, aliyezoea kuwagawia majirani, sasa akawa anapita kuomba mboga.

Miaka yote Ancha alijifariji: mama hajui Kireno, hakuelewa.

Zainabo alipokuwa taabani kitandani, Ancha akashindwa kuvumilia. Akamwambia yote.

"Nilijua, mwanangu. Ulijibu huku unatazama chini."

"Mbona ulinyamaza, mama?"

"Nilidhani shuleni wamekufundisha jambo la bahari nisilolijua mimi."

Tangu siku hiyo Ancha hakumgusa pweza tena. Mama yangu huyo tumemzika Ijumaa iliyopita.

Nawe uliyesoma, kabla hujasema mahali ni patupu, tazama kwanza mboga iliyo kwenye sahani yako. Umuulize aliyeileta. Na akijibu kwa sauti ndogo, usimcheke.