Mchango wa Mwanamke wa Ruwais

Kufuma nilifundishwa na mama yangu, vile vitambaa vyeupe vya makochi ambavyo mgeni akiegemeza kichwa vinateremka naye. Sikuvipenda. Nilikuja kupenda kufuma nikiwa Riyadh, katika mwaka wangu wa pili, kwa sababu ndiyo kazi pekee niliyoifanya bila mtu kuniita niirudie.

Nyumba niliyofanyia kazi ilikuwa mtaa wa Al-Suwaidi. Baada ya chakula cha mchana wote walilala, madam, baba, watoto, hata dereva garini mwake. Mimi nilikaa chumba cha kufulia juu ya ndoo niliyoipindua, mashine inazunguka, nafuma. Uzi niliununua duka la vitu vya bei ya chini tulipokwenda na madam kununua sabuni.

Siku moja nikaweka picha ya kikapu changu cha uzi kwenye ukurasa wa Wakenya walioko Saudia. Mwanamume akauliza nimefungaje kitako bila mshono kuonekana. Nilidhani ananichezea. Akanitumia picha ya kofia ya mtoto, nzuri kuliko kikapu changu, imelazwa kwenye meza ya kibanda cha askari wa geti. Alikuwa mlinzi Jeddah, kwenye nyumba za kupangisha, na chumba chake kilikuwa mtaa wa Karantina, alikokaa na wanaume wenzake. Kufuma alijifunza kwa nyanya yake, mwaka aliovunjika mguu akashindwa kwenda shule. Wenzake wa chumba walimcheka mpaka walipotaka kofia za watoto wao.

"Dada, tufungue grupu," akaniandikia.

"Nani atakuja?"

"Tukiwa wawili ni grupu."

Walikuja. Wanawake wa Dammam, wa Hail, wa Doha, kisha wa nyumbani Kenya na Tanzania, wengi wao wakifuma kwa kujificha kama mimi. Tuliwafundisha kwa video fupi. Waliokwisha kujua wakajitolea kuwafundisha wapya, hakuna aliyelipwa. Lakini video zilipotea. Kila aliyeingia aliuliza yaleyale, na simu zetu zilijaa mpaka zikagoma. Ndipo kaka yule wa Jeddah akaanza kutengeneza tovuti, akijifunza kwa simu pale getini katikati ya gari moja na jingine. Ikafunguka kwa bando kidogo, masomo yamepangwa, mtu anatafuta anachotaka anakipata. Tulifurahi sana. Ilinichukua muda kuuliza nani anailipia.

"Inalipwa," akasema.

"Na nani?"

"Dada, inalipwa tu."

Alikuwa akiilipa kwa mshahara wake wa ulinzi. Nilipowaambia wanachama, wengine wakataka tuweke kiingilio, asiyelipa asiingie. Yeye alikataa. "Humu kuna mtu hajaona mshahara miezi mitatu," akasema. "Huyo ndiye anayehitaji uzi kuliko sisi sote. Nimfungie mlango mimi?"

Basi tukakubaliana kila mtu achange kwa hiari yake. Pesa zingeingia kwenye simu ya mdogo wangu wa kike, Nakuru, naye angelipia tovuti. Tangazo tuliliandika pamoja. Ukitoa, asante. Usipotoa, endelea kufuma. Hatutamtaja aliyetoa, wala hatutamuuliza asiyetoa. Hiyo ya mwisho niliiongeza mimi, na niliipenda kuliko zote.

Watu walitoa. Wengine mara moja, wengine walipokumbuka. Aliyetoa kila mwezi bila kukosa alikuwa mwanamke mmoja wa Ruwais, kule Jeddah karibu na bahari. Alikuwa mtu wa Kwale, anamtunza bibi kizee katika nyumba ya zamani. Kiasi chake kilikuwa kidogo. Pesa ikishaingia kwa mdogo wangu, mimi nilipata ujumbe wa neno moja kutoka kwa mwanamke huyo, "Nipo." Nami nilimjibu asante.

Alitumia mkono wa kushoto. Video zetu zote zilikuwa za watu wa kulia, akazifuata kwa shida, akizigeuza kichwani, mpaka siku moja akajirekodi mwenyewe. Ilionekana mikono tu na mapaja yaliyofunikwa kanga, na sauti ya chini kwa sababu bibi alikuwa amelala chumba cha pili. "Haya wenzangu wa shoto," alianza, "leo na sisi tuna darasa letu." Sikujua kuwa watu wa kushoto walikuwa wengi hivyo miongoni mwetu. Walimiminika. Alirekodi masomo mengi, na katika moja alisema sweta anayofuma ni ya mwanawe wa kiume aliye nyumbani, kwamba anakisia kimo chake kwa picha.

Ramadhani ilipofika akanyamaza. Hatukushangaa. Ramadhani jikoni hakuna mwenye mikono ya kufuma. Idi ikapita. Mwezi uliofuata mdogo wangu hakuona pesa yake, na mimi sikuona "Nipo".

Nilimpigia kaka wa Jeddah. "Tumuulize?"

"Tutamuulizaje isionekane tunamdai?"

"Nitamsalimu tu."

"Tangu lini unamsalimu mtu kwa sababu hajatoa?" Akafikiri kidogo. "Labda hajalipwa, dada. Mwache asione haya."

Nikaona amesema kweli. Nilijua aibu ya kukosa, na sikutaka simu yangu iwe ndiyo inayomkumbusha. Mwezi mwingine ukapita.

Kisha mdogo wangu akanipigia saa ya usingizi wa nyumba. "Kuna mama anapiga tangu asubuhi," akasema, "anamtaka mwenye hii namba. Namwambia namba ni yangu, anasema hapana, mwenyewe hasa. Nikuunganishe?"

Nikasema niunganishe.

"Asalaam aleikum, mwanangu," sauti ikasema. Sauti ya mtu mzima, ya pwani, imetulia. "Ni wewe unayedai?"

"Kudai nini, mama?"

"Binti yangu akituma pesa huniambia, mama, toa kiasi hiki utume namba hii. Nami hutuma, kila mwezi. Sasa nimechelewa. Uniwie radhi. Tulikuwa na msiba."

"Poleni sana, mama. Mmefiwa na nani?"

Nilisikia jogoo kwao.

"Yeye," akasema.

Nilishika ukingo wa mashine. Mama akaendelea kunieleza taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia. Kichwa kilimuuma binti siku chache za mwisho za mfungo, akaendelea kupika. Akaanguka. Wakampeleka hospitali, hakuamka. Walimpigia mama kumuuliza kama anaridhia azikwe hukohuko. "Nikaridhia," akasema. "Ningefanya nini? Sasa nataka kujua limebaki kiasi gani. Nitalipa kidogo kidogo. Sitaki mwanangu alale na deni."

"Mama, hakuwa na deni. Ulikuwa mchango. Alitoa kwa hiari yake."

"Mchango wa nini? Harusi?"

"Wa kufuma, mama. Tuna mahali petu kwenye simu, tunafundishana kufuma."

"Kufuma," akasema. "Mwanangu alikuwa akifuma?"

"Alikuwa anatufundisha."

"Hakuniambia." "Mwanawe hapa alikwenda skuli na ndara," akasema. "Nami natuma pesa namba hii."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejua la kujibu.

"Kwa hivyo hamumdai."

"Hatumdai, mama."

"Sema mbele ya Mungu."

"Mbele ya Mungu, hatumdai chochote."

"Alhamdulillahi," akasema, akakata.

Madam aliponiita nilikuwa bado nimesimama. Nikaenda kuchemsha gahawa, kahawa yao. Aliniangalia usoni akauliza kama naumwa, nikasema mafi, hakuna kitu, ni vumbi la sabuni.

Kaka wa Jeddah nilimwambia jioni. Nilisikia geti likifunguliwa, akimsalimu mwenye gari, geti likifungwa. Kisha akasema, "Ruwais si mbali na hapa, dada. Nimepita Ruwais mara ngapi."

Tulijua tumempoteza mwenzetu, na wiki ileile nusura tupotezane sisi wawili. Mimi nilitaka kila alichotoa kirudi kwa mama yake. Sikuweza kufikiria tovuti bila kuona zile ndara. Yeye akasema tukirudisha tutakuwa tumeikataa zawadi yake, na mwenyewe hayupo wa kuelezwa. Nilimwambia anaipenda tovuti kuliko watu. Maneno ya kijinga, kwa mtu aliyelisha tovuti ile kwa mshahara wake mwenyewe. Alikaa siku nyingi bila kuniandikia. Wanachama waliniuliza aliko, nikasema yuko kazini.

Mwishowe nilimpigia mama mwenyewe. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Alichotoa kwa mkono wake," akasema, "mimi sina ruhusa ya kukirudisha. Kaeni nacho."

"Na wanachama wakitaka kumchangia mtoto?"

"Hiyo ni ya mtoto. Hiyo leteni."

Wakaleta. Hata wasiowahi kutoa wakaleta, na wengine waliandika tu kwamba hawana, wanaomba wasamehewe. Kaka wa Jeddah ndiye aliyeandika tangazo. Sikumwomba. Nililiona limetoka, nikampigia, tukaongea kama zamani.

Mama alikuwa na ombi moja. Mizigo ya binti ilipofika kutoka Jeddah ilikuwa nguo, miswala ya sala na sabuni za zawadi. Hapakuwa na uzi wala sindano, wala sweta. Sijui vilikwenda wapi, labda aliyefunga mzigo aliona ni takataka. Mama alitaka kuona hicho kitu alichokuwa akifuma mwanawe. Simu yake ni ya kupiga, kupokea na kutuma pesa tu. Mdogo wangu akasafiri kutoka Nakuru mpaka Kwale na simu yake, na fedha za mtoto.

Aliyoyaona alinisimulia siku ya pili, bado yuko Mombasa anangoja gari. Walikaa barazani. Aliwawekea somo la kwanza la watu wa shoto. Mama aliikaribia simu mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, na mikono ilipoanza kufanya kazi akasema, "Mkono huo nilikuwa nampiga." Mdogo wangu hakuelewa. "Akila kwa shoto nampiga," mama akasema. "Akiandika kwa shoto nampiga. Mpaka nikadhani mkono umeacha." Aliangalia somo lote, na lililofuata.

Mtoto alikuwa amesimama nyuma ya bega la nyanya yake. Sauti aliitambua mara moja. Alisikiliza, ingiza sindano, zungusha uzi, vuta, haya wenzangu. Akamuuliza mdogo wangu, "Mbona anasema na watu wengine?" Mdogo wangu akamnunulia soda.

Ile sentensi niliyoiongeza kwenye tangazo, ya kutomuuliza asiyetoa, tuliifuta. Siku hizi mwanachama akinyamaza kuna mtu wa kumwandikia, awe alikuwa mtoaji au la. Si wote wanaopenda. Mmoja alijibu, "Mnataka pesa zenu?" akatoka. Wako wasiojibu kabisa, na hao tunawapigia, na mara nyingine simu haishikwi. Tovuti imezidi kukua. Michango inatosha, na mwezi mwingine inazidi. Mdogo wangu akinisomea zilizoingia, kuna kipande cha moyo wangu kinachokataa kufurahi.

Likizo iliyofuata, familia ilikwenda Jeddah ikanichukua. Niliomba nimwone kaka yangu, madam akakubali, kwa sharti niende na watoto kwenye ukingo wa bahari nisiwaache. Kaka alikuja na shati lake la kazi. Alikuwa mfupi kuliko nilivyomdhania, na mvi zimeanza. Hatukushikana mikono. Tuliketi kwenye benchi moja, begi la watoto katikati.

Akaniambia alikwenda makaburini. Alifuatana na mlinzi mwenzake Mwislamu, Mkenya wa Mombasa. Msimamizi aliwauliza namba ya kaburi, hawakuwa nayo. Akawaonyesha kwa mkono upande waliozikwa karibu na Idi. Ni mistari ya mchanga na mawe, hakuna jina hata moja.

"Mwenzangu akainua mikono akamwombea," akasema. "Mimi nikasimama nyuma. Sikujua mikono yangu niiweke wapi."

"Ulisimama. Inatosha."

"Haitoshi, dada." Akafuta uso kwa kiganja. "Nataka uchukue ule ukurasa wa watu wa shoto. Mimi siwezi tena kusikia ile sauti. Na watu wapya hawajui, wanamwandikia yeye. Jana mmoja ameuliza, dada, hapo umerudi mishono mingapi."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamjibu miwili."

Mtoto mdogo akaja akanivuta kanzu, yalla, yalla, anataka aiskrimu, na mkubwa alikuwa ameshakimbilia foleni. Nikamwambia kaka nitauchukua ukurasa. Akasema asante. Nikainuka nikawafuata watoto, na nilipogeuka kumpungia alikuwa ameinamisha kichwa, sikutaka kumshtua.